Gari la spoti kwa matumizi ya kila siku mjini: usilipime kwa kasi, lipime kwa kutambaa

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Swali hili linarudi kila baada ya wiki chache. Mtu amejibana miaka, amepata hela ya gari la spoti la kweli, halafu anauliza: nilitembelee kila siku, kazini, sokoni, kumfuata mtoto shule, au nilifunike turubai litoke Jumapili? Majibu huwa ya aina mbili. Wengine wanamwambia amechanganyikiwa, wengine wanamwambia gari ni gari. Wote wanamwacha pale pale alipokuwa.

Mimi natembelea gari la namna hiyo kila siku, huu ni mwaka wa 6, na sina la pili. Injini silinda 6, turbo 2, gia za klachi mbili, viti viwili vya kweli na viwili vya kuwekea begi. Jina lake siliweki, mjadala usije ukageuka wa chapa.

Tunapolinunua gari la spoti tunauliza linafika wapi likikanyagwa. Mjini hulikanyagi. Chukua Porsche 718 Cayman GT4: gia ya 2 peke yake inakupeleka zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Penye kikomo cha 50, gari hilo hujalipa hata nafasi ya kukohoa. Muda wako mwingi utaupitisha kati ya kilomita 5 na 40, mguu kwenye breki, feni zinavuma, mbele yako basi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni gari linatambaaje kwa kilomita 8 kwa saa kwa nusu saa mfululizo. Yapo yanayotambaa kwa utulivu kabisa, na yapo yanayokufa kidogo kidogo kila asubuhi.

Nianze na gia, maana hapo ndipo vilio vingi.

Mwaka 1997 Ferrari walitoa F355 F1, gia unabadilisha kwa vidole nyuma ya usukani. Wengine nao wakawa na za namna hiyo: BMW na SMG yao, Lamborghini na e-gear. Watu wakaziita otomatiki, na hapo ndipo walipoumia. Hizo ni gia za manyuo zenye klachi moja kavu. Kilichoongezwa ni pampu ya haidroliki inayoikanyaga klachi badala ya mguu wako. Kwenye barabara tupu ni tamu. Kwenye foleni, kila gari linaposogea hatua mbili, kompyuta inaisugua klachi. Inaliwa kama sabuni kwenye beseni.

Klachi mbili ni kitu kingine. Moja inashika gia witiri, nyingine shufwa, na kwenye magari mengi ya nguvu zote zinaoga kwenye oili inayobeba joto. Volkswagen waliziweka kwenye Golf R32 mwaka 2003, Nissan GT-R ikaja nazo 2007, Porsche 911 ikazipata 2008. Hizi ndizo zilizofanya gari la spoti liweze kuishi mjini. Lakini bado ni klachi, nami nilijifunza hilo vibaya. Mwezi wa kwanza nilikuwa kwenye foleni ya kupanda mlima, nalishikilia gari kwa ekseleta, linasogea nusu mita, linasimama, nusu mita, linasimama. Baada ya dakika 20 hivi ikawaka taa ya joto la gia, na harufu ikaingia ndani, kali, kama raba iliyosahauliwa juu ya jiko. Nikatoka pembeni, nikaliacha nusu saa nzima.

Tangu siku hiyo naacha nafasi ya magari mawili mbele yangu. Nafasi ikifunguka, naachia breki yote, klachi ishike kabisa, natembea, kisha nasimama kabisa. Kati ya kutembea na kusimama sikai. Wenye haraka watachomekea hapo mbele, waache wachomekee. Taa ile haijawaka tena.

Na kama hutaki hata hiyo nidhamu, tafuta lenye torque konveta, ile inayopitisha nguvu kwa oili badala ya kusugua. Kutambaa ni asili yake. BMW M5 ilikuwa na klachi mbili, toleo lililofuata la 2017 likarudi kwenye torque konveta ya gia 8, na bado liko mbio kuliko lile la mwanzo.

La pili ni chini ya gari. Wengi wanaangalia kimo tu, wanasahau pua. Urefu wa bodi kutoka tairi la mbele hadi ncha ya bampa ndio unaokukwaruza kwenye mteremko wa kuingia maegesho ya chini ya jengo. Mlio wa kwanza wa bampa kwenye zege huusahau: mkavu, mrefu, unausikia kwenye meno. Tuta linaingiwa kwa pembe, tairi moja kwanza, la pili lifuate, na hivyo hivyo kwa mteremko ukipata upana. Ukiweza, nunua lenye kinyanyuzi cha pua. Cha 911 kinainua milimita 40 hivi, na kwenye matoleo mapya gari linakumbuka kwa setilaiti mahali ulipobonyeza mara ya kwanza, ukifika tena linajiinua lenyewe. Kati ya vitu vyote unavyoweza kuongezea pesa dukani, hiki ndicho ningekichukua kabla ya nguvu za farasi 50 zaidi.

Matairi. Fanyeni hesabu hii wenyewe. Tairi la kawaida la 195/65 (upana milimita 195, ukuta asilimia 65 ya upana huo) lina ukuta wa milimita 127 hivi. Tairi la nyuma la 911 Carrera S ni 305/30, ukuta wake milimita 91, na linabeba gari zito zaidi. Shimo ambalo jirani yako analipita anaongea na simu, wewe linakuachia uvimbe ubavuni mwa tairi mkubwa kama yai. Nimeshapata mawili. Uvimbe hauzibwi, nyuzi za ndani zimeshakatika, unabadilisha tairi. Na kwa kuwa mbele na nyuma vipimo havifanani, huwezi kuyazungusha, na mara nyingi hakuna spea tairi, kuna pampu na chupa ya gundi. Mwenye gari lililokuja na matairi ya nusu mbio kama Pilot Sport Cup 2, ayavue ayatunze, aweke ya kawaida ya spoti. Yale yanataka joto ambalo mjini hulipati, na kwenye maji mengi hayana msaada.

Nimeandika mengi. Nawasilisha, wenye uzoefu wajazie.

---

silinda_nane

Mkuu, umeongea ufundi, na sikupingi hata neno moja. Lakini mimi langu nilikaa nalo miezi 14 nikaliuza, na halikuwahi kuharibika.

Kilichonishinda ni kwamba sikupumzika. Nikilipaki, mwili uko mezani, roho iko maegeshoni. Mlango wa kupe, yaani gari la milango miwili, ni mrefu, ukibanwa na magari pande mbili unatoka kwa kujikunja, na wa pembeni yako akifungua wake bila kuangalia umeshaumia. Barabarani watu wanakusogelea kwa simu wanapiga video, wanakubana ubavu ili walione vizuri. Vijana wanakupigia resi kwenye taa. Umekaa chini kiasi kwamba ukiwa pembeni ya lori unatazamana na nati za tairi lake, na unajua dereva wa juu hakuoni.

Mgongo nao. Nilikuwa na umri wa miaka 44, si mzee, lakini kuingia na kutoka mara nane kwa siku si sawa na mara mbili kwa Jumapili.

Nalikumbuka sana gari lile. Ila nalikumbuka la alfajiri, barabara tupu. Silikumbuki la saa mbili asubuhi.

---

Mleta mada

Mkuu silinda_nane, hilo la roho kubaki maegeshoni sina dawa yake, na nisingependa mtu anunue bila kulisoma. Mimi napaki nafasi ya mwisho kabisa, penye ukuta upande mmoja, hata kama natembea dakika tano. Mkwaruzo wa kwanza uliniuma wiki nzima. Wa pili uliniuma siku moja.

La kutoonekana ndilo linanigusa zaidi. Wako waliolifikiria mapema. Honda walipotengeneza NSX, iliyotoka 1990, waliangalia chumba cha rubani wa ndege ya kivita ya F-16, wakakisogeza chumba cha dereva mbele na kukizungushia vioo. Ndani ya NSX unaona kona zote za gari lako. Bodi nzima ya alumini, injini V6 katikati, na bado unakaa kama umekaa kwenye gari la familia. Magari mengi ya kifahari ya wakati huo yalikuwa na pedali zilizopinda upande na joto la kukaanga abiria, na watu walivumilia wakiamini ndiyo gharama ya kasi. NSX ikaonyesha kwamba haikuwa gharama, ulikuwa uzembe. Ukienda kukagua gari lolote la spoti, kabla ya kuwasha injini kaa kwenye kiti, geuza shingo kushoto na kulia, angalia kioo cha nyuma. Usipoona kitu umekaa, hutaona ukiwa kwenye mzunguko wa barabara.

---

fundi_spana

Naongezea upande wangu wa gereji, maana mleta mada amekaa kwenye gia na matairi, injini kaipita.

Adui wa injini hizi mjini ni safari fupi. Geji ya maji inafika 90 ndani ya dakika chache, dereva anadhani tayari. Oili wakati huo inaweza kuwa nyuzi 50 tu, nzito bado, na hapo ndipo anakanyaga ili alipite basi. Magari mengi ya spoti yana geji ya oili, au iko ndani ya menyu ya dashibodi. Hiyo ndiyo ya kufuata. Chini ya 80, mguu mwepesi na mizunguko ya chini.

Kuna la pili lisiloonekana. Injini ikiwa baridi inapewa petroli nyingi zaidi, na sehemu yake inapenya kwenye ringi za pistoni inashuka kwenye oili. Pia kuna mvuke wa maji. Safari ndefu inavikausha vyote, oili inapata joto ipasavyo vinatoka. Safari ya dakika 7 kwenda dukani na 7 kurudi haikaushi kitu. Nimeshachomoa kijiti cha oili kwenye gari la mtu, kinanuka petroli kama nimechovya kwenye tangi. Gari lilikuwa halijafikisha hata nusu ya kilomita za sevisi.

Ndiyo maana nawaambia wateja wa mjini wasahau kilomita, wahesabu saa. Mwenye wastani wa kilomita 20 kwa saa, kilomita 10,000 ni saa 500 za injini kuwaka. Mwenye wastani wa 80 ni saa 125. Kwenye daftari la sevisi wanafanana, ila injini moja imefanya kazi mara nne ya nyingine, tena kwenye joto bila upepo. Badilisheni oili kwa nusu ya kilomita za kitabu. Na mara moja kwa wiki lipelekeni barabara kuu dakika 30, lipumue.

La tatu ni masizi. Injini nyingi za kisasa nozeli inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo migongo ya vali za kuingizia hewa haioshwi tena. Mvuke wa oili unagandia pale, unakuwa mgumu kama ukoko. Unaanza kuona injini inatetema ikiwa baridi, nguvu inapungua taratibu mpaka unazoea. Kusafisha kwake ni kufungua njia ya hewa na kupulizia punje za maganda ya walnut kwa presha, zinakwangua ukoko bila kuchubua chuma. Kazi ya siku nzima. Toyota walilizunguka hilo kwenye GT86 ya 2012 kwa kuweka nozeli za aina mbili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa.

---

mama_wawili

Ndugu zangu, naomba niseme kama mtumiaji wa kawaida, mie si fundi.

Mimi natumia 911, mwaka wa 3. Watoto wangu wana miaka 6 na 8, wanakaa nyuma. Watu wazima hawakai pale, lakini watoto wanakaa, na wanagombania nani akae upande gani. Mbele pale penye boneti kuna buti lenye kina, mabegi mawili ya shule na vitu vya sokoni vya wiki vinaingia. Gari hili lilionyeshwa mara ya kwanza 1963 na mpaka leo unaweza kulipata lenye viti vya nyuma, na kwangu kuwa na jumla ya viti vinne ndiko kulikofanya nilinunue hili badala ya yale yenye injini katikati, ambayo mengi yana viti viwili tu.

Shida yangu ni majirani. Saa kumi na moja alfajiri nikiwasha, linanguruma kama nusu dakika hivi kabla ya kutulia. Nilidhani ni ubovu, nikaelezwa kwamba linafanya kusudi, linapasha joto kichujio cha moshi kianze kufanya kazi mapema. Siwezi kulizuia. Ninachofanya ni kuliwasha nikiwa tayari nimeshakaa, watoto wamefunga mikanda, naondoka hapo hapo polepole. Na ile vali ya silensa naifunga kwa kitufe kabla ya kuzima usiku uliopita. Niliwahi kwenda kwa mama mmoja mwenye mtoto mchanga nyumba ya pili kumwomba radhi. Alishukuru, na tangu hapo nimekuwa makini zaidi.

Kuna mtu anaogopa kuongeza kilomita ili bei isishuke? Rowan Atkinson, yule mwigizaji wa Uingereza, alinunua McLaren F1 mwaka 1997, akaitembelea zaidi ya kilomita 60,000, akaigonga mara mbili, na mwaka 2015 ikauzwa kwa pauni milioni 8. Najua la kwangu si McLaren F1 na halitapanda bei. Lakini nikikumbuka kwamba yeye aliliendesha lile, naona aibu kulifungia hili.

---

Mleta mada

Dada, asante sana, hilo la kwenda kumwona jirani limenigusa. Kwa wanaofikiria kelele, Chevrolet walitoa Corvette E-Ray ya mwaka 2024 yenye mota ya umeme mbele na V8 ya lita 6.2 nyuma. Inaweza kutoka nyumbani kwa umeme peke yake, kimya, hadi kilomita 72 kwa saa, V8 inaamka ukifika barabarani. Si masafa marefu, ila kutoka getini inatosha.

Fundi, madini matupu. Hiyo hesabu ya saa nimeiandika kwenye daftari langu la sevisi leo hii.

---

kijana_wa_usukani

Wakuu, nimesoma uzi wote, sasa nina swali la kweli. Nimepata kupe la mtumba lenye injini ya V10, bei nzuri mno, gia ni hizo za klachi moja mlizozisema. Kilomita 38,000 tu. Lina breki za kaboni seramiki. Naishi katikati ya jiji, kazini ni kilomita 9, foleni kila siku. Moyo umeshakwenda. Nishaurini.

---

fundi_spana

Kijana, kilomita 38,000 hazikwambii kitu kuhusu klachi. Ya gari la barabara kuu inaweza kuwa bado nzima, ya gari la mjini inaweza kuwa imebadilishwa mara mbili na inadai ya tatu. Kompyuta ya gari inatunza kipimo cha uchakavu wa klachi. Nenda na fundi mwenye mashine ya hilo gari, asome kipimo mbele yako. Muuzaji akikataa kusomewa, umeshapata jibu lako.

Breki za kaboni seramiki kwa mjini haziliwi haraka, hilo ni kweli. Lakini zikiwa baridi zinapiga kelele, mguso wa kwanza wa asubuhi ni mgumu kuupima, na diski moja ikipigwa na rimu wakati wa kufungua tairi, ikapasuka ukingo, bei yake itakukalisha chini. Uliza nani aliyekuwa anabadilisha matairi. Kagua kingo zote nne kwa tochi.

---

Mleta mada

Mimi naongeza moja tu. Usilijaribu Jumapili. Mwambie muuzaji mkutane saa ya foleni, ulipeleke njia yako ya kazini yenyewe, kilomita zote 9, na mlima uliopo njiani. Zima redio. Sikiliza linavyoondoka kila mara: linashika mara moja, au linasita kisha linaruka? Ukifika, rudi kinyumenyume kupanda mteremko wa maegesho. Klachi moja inachukia hilo kuliko kitu chochote.

---

kijana_wa_usukani

Nimerudi, wakuu.

Muuzaji alikubali Jumanne asubuhi. Kilomita 9 zilichukua dakika 52. Dakika 10 za kwanza nilikuwa nacheka peke yangu kwa ile sauti. Kufikia nusu ya njia nilikuwa nahesabu kila likiondoka, linasita, linaruka, na abiria wangu anashika dashibodi. Kwenye mteremko wa maegesho nililirudisha nyuma mara moja tu, harufu ikaja ile ile mliyoisema. Kipimo cha klachi tulisoma baada ya hapo, uchakavu asilimia 71.

Sikulichukua. Imeniuma, siwadanganyi, usiku ule sikulala vizuri. Jumamosi naenda kuona jingine, silinda 6, klachi mbili, lina kinyanyuzi cha pua. Nimeshamwomba mwenye gari tushuke nalo mpaka maegesho ya chini ya jengo ninaloishi, na nimebeba tochi.